Upande wa Madirisha Umelala

Mtu aliyewahi kumkwamua bwana harusi kati ya ghorofa ya saba na ya nane huku, kwa maelezo yake mwenyewe, ameng'ata waya wa lifti kwa meno, hakutarajiwa kutetemeka mbele ya kompyuta. Lakini asubuhi ile Mzee Chumvi alitetemeka. Alinyoosha kidole kubonyeza kitufe cha kuwashia, akakikosa, akatoboa hewa. Akarudia.

Mkewe alikuwa amekata simu dakika moja tu iliyopita. Alipiga kutoka wodini, kwa sauti ile ya mtu anayejikaza.

"Baba watoto, kaa chini kwanza."

"Nimekaa." Alikuwa amesimama.

"Daktari wa mifupa amenipitia sasa hivi. Yule anayekuja mara moja kila miezi mitatu, kesho anaondoka. Ameangalia picha ya eksirei waliyonipiga jana. Anasema kile kinundu cha kwenye mfupa, hapa juu ya goti, hajui ni cha zamani au kinakua. Kama ni kilekile cha siku zote, ataniacha nirudi nyumbani. Kama kimekua, anakikata leo leo pamoja na kipande cha goti, halafu panafungwa chuma. Goti halitakunjika tena."

"Halitakunjika hata kidogo?"

"Kama mguu wa meza."

Mzee Chumvi aligeuka akaitazama cherehani iliyokuwa karibu na dirisha. Ilikuwa ya kukanyaga, na mkewe aliikanyaga kwa mguu huohuo wa kulia kwa miaka thelathini. Watoto wao walinyonya, wakalala, wakakua kwa mlio ule. Siku ambayo haikulia, majirani waligonga mlango kuuliza kuna msiba gani.

"Nimemwambia ipo picha ya mwaka juzi," mkewe akaendelea. "Ameniambia, mama, niletee hiyo picha kabla ya saa nne niilinganishe na hii. Isipofika, nitafanya kwa ninachokiona. Ile yenyewe ya plastiki ulishaniambia haipo tena, lakini nilikuwa nimeipiga picha kwa simu, ile iliyotumbukia kwenye ndoo. Bahati nzuri nilishaihifadhi kwenye kompyuta, upande wangu. Itume kwa simu hii ya muuguzi. Utaweza?"

"Dakika kumi," akajibu. "Ukinisumbua, tano."

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na robo.

Kompyuta ya nyumba ile ilikuwa moja, lakini ndani yake waliishi wapangaji wawili. Mpwa wao, fundi wa kompyuta wa kweli, binti wa dada yake Mzee Chumvi, aliwagawia diski baada ya wiki nzima ya ugomvi. Mzee alipenda kuchokonoa, na kila alipochokonoa, michoro ya mishono ya mkewe ilihamia kusikojulikana. Basi mpwa akaweka mifumo endeshi miwili. Upande mmoja ule wa madirisha, ambao watu wengi wanaujua, akapewa mke na michoro yake. Upande wa pili ule wenye picha ya ndege mnene asiyeruka, akapewa mzee achokonoe mpaka achoke. Mashine ikiwaka huuliza: unaingia kwa nani? Unachagua mlango mmoja, mwingine unabaki umefungwa. Kwa mujibu wa Mzee Chumvi, ndoa yao ilipona siku ile.

Akachagua madirisha. Kioo kikawa cheusi, vidoti vyeupe vikaanza kuzunguka. Vikazunguka. Alisubiri kwa adabu dakika tano, kisha kumi. Feni ilivuma kama mashine ya kusaga, na chini ya ule mvumo akasikia kitu kingine: tik. Kimya. Tik, tik. Kilitoka mahali diski ilipokaa.

Saa mbili na dakika thelathini na tano akampigia mpwa wake, aliyekuwa kazini katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Mjomba, niko kwenye kikao."

"Toka."

Labda alitii kwa sababu mzee hakusalimia, maana mjomba wake hakuwahi kuanza mazungumzo bila robo saa ya hadithi. Kiti kilisikika kikiburuzwa, mlango ukafungwa, halafu sauti ya binti ikarudi na mwangwi wa ngazi za jengo. Mzee akamweleza: goti, daktari, saa nne, vidoti.

"Nakuomba kitu kimoja," mpwa akasema. "Leo usitie chumvi. Utakachokiona kwenye kioo ndicho utakachoniambia. Usiongeze, usipunguze. Nikidanganyika hapa, nitakuamuru ufanye jambo la kuua kila kitu."

"Sawa."

"Ile picha ya plastiki iko wapi? Hatuwezi kuipeleka hiyo?"

Mzee Chumvi akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, maana mkewe alishapewa: mchwa. Mchwa wakubwa kama vidole gumba, waliokula plastiki na kuacha bahasha.

"Niliikata," akasema. "Jua lilipopatwa. Niliikata vipande kwa mkasi nikawagawia majirani watazamie jua."

"Shangazi anajua?"

"Anajua mchwa."

"Haya. Asante kwa kusema kweli, na Mungu akusaidie. Diski inatoa sauti yoyote?"

"Inagonga. Tik, inanyamaza, tik tik."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu mwezi uliopita. Nilimwambia shangazi yako ni panya."

Binti alivuta pumzi ndefu. Alipoanza tena alisema taratibu, kama muuguzi anayetafuta mshipa. Diski inayogonga ni mgonjwa mahututi. Kila inapozimwa na kuwashwa inapunguziwa umri. Kwa hiyo wataizima mara moja tu na kuiwasha mara moja tu, wataingia upande wa ndege, na kutoka huko watajaribu kuufungua upande wa madirisha na kuichukua picha. Mifumo ni miwili lakini diski ni ileile, na ukuta wa kati una mlango kwa anayejua kuubisha.

"Shikilia kitufe mpaka ikate pumzi."

Akashikilia. Feni ikafa. Akahesabu mpaka kumi kama alivyoambiwa, akawasha. Mashine ikauliza inaingia kwa nani. Akachagua ndege. Tik, tik, tik. Kioo kikawaka rangi ya buluu, na pembeni juu pakatokea saa.

Mzee Chumvi akaitazama ile saa.

"Mpwa wangu," akasema, "tumechelewa. Ni saa sita kasoro kumi. Wameshamkata."

"Hapana, mjomba..."

"Imeandikwa! Naiona! Wewe si umesema nisiongeze wala kupunguza?"

"Tazama ukutani! Mjomba, tazama saa ya ukutani!"

Akatazama. Saa tatu kasoro kumi.

"Hiyo mifumo miwili haipatani saa," binti akamwambia. "Kila mmoja unahesabu kwa desturi yake, na mmoja ukiondoka unamwachia mwenzake saa isiyo yake. Siku zote huwa hivyo. Wewe hujawahi kuona?"

Aliwahi kuona. Alikuwa akiwaambia watu kwamba kompyuta yake huona mambo saa tatu kabla hayajatokea.

"Fungua diski ya shangazi," mpwa akasema.

Akabonyeza mara mbili. Diski ikagonga mara nne mfululizo, kisha ubao mwekundu ukaruka katikati ya kioo. Akausoma wote, neno kwa neno, kama mtoto anayesomeshwa kwa kiboko: haiwezekani kufungua, diski iko katika hali isiyo salama, mfumo mwingine haukuzimwa sawasawa.

"Shangazi huwa anaizima vipi mashine?"

"Shangazi yako hazimi. Anailaza. Anasema kitambaa ukikiacha chini ya sindano, kesho unakuta mshono pale pale."

"Basi ndiyo hiyo. Upande wake haukuzimwa, umelala, tena umelala na funguo mkononi. Umeacha mambo yake nusunusu, na upande wa ndege unakataa kuingia chumba cha mtu aliyelala asije akavuruga."

"Tumwamshe."

"Umejaribu kumwamsha, haamki. Ndivyo vile vidoti." Sauti ikashuka. "Kuna amri ya kuufuta ule usingizi kwa nguvu. Yaani tunasahau chochote alichokuwa nacho mkononi, tunavunja kitasa, tunaingia. Siku nyingine ningekwambia fanya bila kufikiri. Lakini kuvunja huko ni kuandika juu ya diski, na yako inagonga. Ikikata kamba katikati ya kuandika, hatutapata picha wala chochote."

"Tutapata kwa asilimia ngapi?"

"Sijui. Sitini."

"Mimi nimepanda lifti za asilimia arobaini nikashuka nikila karanga."

"Mjomba."

"Samahani."

Saa tatu na dakika tano. Mpwa akamtajia ile amri, herufi moja moja, naye akaiandika kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, akirudia kila herufi kwa sauti. Ilipokamilika ilikuwa mstari mmoja mfupi tu. Kidole chake cha shahada kikakaa juu ya kitufe cha kuingiza.

Hakikushuka.

Alikuwa ameacha kazi miaka sita iliyopita, lakini kazi haikuwa imemwacha yeye. Fundi wa lifti anaitwa mahali watu wamekwama, wanapiga kelele ndani, ndugu wanapiga kelele nje, na mwenye jengo anapiga kelele kuliko wote: vunja mlango! Fundi mgeni huvunja. Anapovunja ndipo anagundua chumba cha lifti hakiko pale, kiko ghorofa mbili juu, na mbele yake kuna shimo tu. Mzee Chumvi alimzika rafiki mmoja kwa kosa hilo, na hiyo ndiyo hadithi pekee ambayo hakuwahi kuisimulia kwa mtu. Yeye aliufungua mlango upana wa kidole, akaingiza tochi, akachungulia. Akishajua chumba kiko wapi ndipo aliamua.

"Mpwa wangu," akasema. "Hakuna namna ya kuchungulia?"

"Namna gani?"

"Nisiingie. Nisiguse kitu. Nisimwamshe mtu wala kumnyang'anya funguo. Nifungue ukutani upana wa kidole, nitazame tu, nitoke na kile nilichokiona."

"Kusoma tu," binti akasema polepole. "Bila kuandika. Mimi nimezoea kuvunja, kila siku navunja... Ipo, mjomba! Futa huo mstari. Usibonyeze kuingiza, ufute! Umefuta?"

"Ninafuta."

"Umefuta?"

"Umefutika."

Akaandika mstari mwingine, mrefu kuliko wa kwanza. Mashine ikamwomba neno la siri. Akaandika, na hakuna kilichotokea kwenye kioo, hata nukta.

"Kibodi imekufa," akanong'ona.

"Haijafa. Neno la siri halionekani. Andika tu kama kipofu, halafu ingiza."

Akaandika kama kipofu. Mashine ikamwambia amekosea. Akajaribu tena huku jasho likimwingia machoni. Tik. Tik, tik. Halafu kitambo kirefu bila chochote, kirefu kama miezi sita ya kujenga jumba la ghorofa kumi na moja, kisha lile dirisha jeusi likarudi na mstari mtupu, bila kulalamika.

"Haikusema kitu," akaripoti.

"Isiposema kitu maana yake imekubali. Fungua folda sasa, taratibu."

Kule ndani palikuwa na nguo za mji mzima. Mkewe alikuwa ameweka kila mshono kwa jina la mwenye nguo: gauni la mke wa fundi bomba, kanzu ya mwalimu mkuu, suruali ya yule mnene wa duka la pili. Mamia na mamia. Kila alipoteremsha orodha, diski iligonga, na kila ilipogonga, yeye alifumba macho.

"Angalia kwa mwaka."

"Naangalia." Saa tatu na nusu. "Sidiria ya... hii siisomi. Shela. Shela. Sare za kwaya." Saa tatu na dakika thelathini na nane. "Ipo! Ameandika 'Mguu wangu'. Ameuweka katikati ya wateja, kama vile mguu nao umeleta kitambaa!"

"Ifungue. Chomeka simu yako kwa waya wa kuchajia, nakili iende moja kwa moja kwenye simu. Usiinakili kwenye diski hiyo hata kwa bahati mbaya."

Picha ikafunguka kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande: mfupa wa nyonga, paja jeupe, goti. Kimstari cha kunakili kikaanza kutambaa. Robo. Nusu. Kikasimama. Diski ikagonga kwa fujo, kama mtu aliyefungiwa chooni, na Mzee Chumvi akajikuta anaibembeleza kwa jina la utani alilompa mkewe walipochumbiana, ambalo hatulitaji hapa kwa heshima yake. Kimstari kikasogea. Kikafika mwisho. Halafu ndani ya sanduku pakatoka mlio mmoja mkavu, na baada ya hapo kimya.

"Mjomba? Niambie unachoona."

"Picha iko kwenye simu. Diski imenyamaza. Kipanya hakisogei. Kila kitu kimeganda, lakini picha bado imesimama kwenye kioo."

"Usiguse chochote. Tuma!"

Akatuma. Kisha akampigia muuguzi. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Saa nne kasoro dakika saba.

"Mzee, picha imefika," muuguzi akasema kwa pumzi za mtu anayetembea haraka. "Mama yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Daktari ananawa mikono."

"Mwambie aifungue aitazame!"

"Anaitazama, nimemshikia. Subiri." Sauti zikasikika mbali, maji yakafungwa. "Anasema picha ya picha haina kipimo. Kinundu anakiona, lakini hawezi kujua ukubwa wake wa kweli. Anasema..."

"Kuna futi!" Mzee Chumvi akapiga kelele. Alikuwa ameiona muda wote bila kuiona: pembeni ya ile picha, imenyooshwa sawasawa kando ya mfupa, futi ya njano ya kushonea. Mkewe hakuwahi kupiga picha ya kitu chochote kilicholazwa mezani bila kuweka futi kando yake. "Pembeni kulia, muuguzi. Amelaza futi!"

Maneno yakaenda, maneno yakarudi.

"Anaiona futi, lakini kwa kioo cha simu yangu namba hazisomeki, zimeparaganyika. Wewe unayo kubwa mbele yako?"

"Ninayo."

"Daktari anauliza: kinundu kinaanzia wapi na kinaishia wapi? Kwa milimita."

Mzee Chumvi akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Hakuhitaji kusomea udaktari kujua hesabu ile. Cha zamani kikiwa kikubwa, cha leo hakijakua, na goti litakunjika. Milimita tano tu za nyongeza. Maisha yake yote alikuwa ameongeza zaidi ya hapo kwa mambo yasiyo na faida, kwa kucheka tu. Na kama kile kitu kinakua kweli? Basi angekuwa amemrudisha nyumbani mkewe akanyage cherehani huku kinamla.

"Mzee? Daktari anasubiri."

"Kinaanzia kumi na nne na mistari mitatu," akasema. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, bila kugusa kioo. "Kinaishia kumi na saba... na mstari mmoja. Hapana, ngoja. Nisije nikakosea." Akahesabu upya. "Kumi na saba na mmoja. Ni milimita ishirini na nane."

"Una hakika?"

"Ishirini na nane. Sijaongeza."

Muuguzi akaondoka na ile namba. Simu haikukatwa, iliwekwa mahali juu ya chuma, na Mzee Chumvi akasikia viatu, tairi za kitanda, mtu akiuliza glavu ziko wapi. Mlango ukafungwa. Halafu simu ikakatika yenyewe.

Alimpigia mpwa wake. Binti naye hakurudi kwenye kikao. Walikaa hivyo, mmoja kwenye ngazi, mwingine mbele ya mfupa mweupe ulioganda, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua.

"Mjomba, niambie hadithi," binti akasema mwishowe.

"Sina."

Saa nne ikapita. Saa nne na dakika ishirini. Saa nne na dakika ishirini na sita, simu ya pili ikaingia, namba ya muuguzi. Alipoipokea, sauti haikuwa ya muuguzi.

"Baba watoto."

Mzee akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Daktari amepima cha jana akapata ishirini na tisa. Anasema milimita moja ni ya macho, si ya ugonjwa. Ameniambia nirudi baada ya miezi mitatu nipigwe nyingine. Wamenivua lile gauni lao, lilikuwa limeshonwa vibaya, mgongoni wazi kabisa." Akacheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akapenga kamasi. "Sasa sikiliza. Kanga nilizo nazo zinatosha. Njoo na viatu vyangu."

"Viatu vipi?"

"Vile vyeusi vya kufunga kamba. Na uje navyo vyote viwili, usije ukaniletea kimoja kwa haraka zako."

Mzee Chumvi aliinuka. Alikuwa tayari amepiga magoti chini ya kitanda, mkono wake ukipapasa gizani, alipokumbuka kwamba mkewe bado yuko kwenye simu, na hajamwambia ndiyo.